Macho ya Namba Sita

Maiti alikuwa amekaa kitini, mgongo umenyooka, viganja juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Macho yalikuwa wazi. Mboni zilikuwa zimetanuka mpaka zikaimeza rangi yote ya jicho, pakabaki weusi mtupu, na ndani ya weusi ule mlionekana utando mweupe.

Mbele yake, juu ya meza ya ukaguzi, alisimama mbwa jike mkubwa mweusi, amefungwa mnyororo mfupi kwenye pete ya chuma. Hakubweka. Hakutikisa mkia. Naye macho yake yalikuwa meusi matupu, na ingawa jua la asubuhi lilimpiga usoni kupitia dirisha kubwa, mboni hazikusinyaa hata kidogo.

Kati ya maiti na mbwa palikuwa na sanduku la mbao, kifuniko wazi. Ndani, katika vishimo vinane vilivyotandikwa kitambaa, yalilala macho manane ya kioo yakitazama dari.

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya raba na mkoba uliojaa peremende. Kituoni walimwita Shangazi, kwa sababu aliuliza maswali kwa upole ule ule wa shangazi anayetaka kujua nani kamaliza sukari. Watu kadhaa walikuwa wanatumikia kifungo cha maisha kwa sababu ya upole huo.

Koplo wake alikuwa amebaki mlangoni. Huyu aliwahi kumrukia jambazi mwenye panga bila kufikiri mara mbili, lakini yeye na mbwa hawakuwahi kupatana.

"Afande, huyu mbwa ananitazama."

"Anatazama mlango. Wewe ndiye umejiweka mlangoni."

Alisema hivyo kumtania tu. Kusema kweli hata yeye mwili ulikuwa umemsisimka. Alikuwa ameona maiti wengi, wengine katika hali ambazo huwezi kusimulia mezani, lakini hakuwahi kuona maiti na mnyama wakiwa na macho ya namna moja.

Marehemu alikuwa jaji mkuu wa chama cha wafugaji wa mbwa wa maonyesho, na kazi yake ilikuwa moja tu: rangi ya macho. Aliifanya kwa miaka thelathini na moja, na chama kizima kilimwita Mzee Jicho. Maonyesho ya mwaka yalikuwa yaanze saa nne asubuhi hiyo, katika ukumbi ule ule. Nje, wafugaji na mbwa wao walikuwa wamejipanga kwenye baraza, na jambo la ajabu ni kwamba mbwa wote walikuwa kimya.

Aliyeikuta maiti alikuwa karani wa jaji, mpwa wake, mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye kalamu sikioni na mikono isiyotulia. Inspekta alimkalisha kwenye chumba cha pili, akampa peremende, akamwacha aimalize kwanza.

"Sasa nieleze kazi ya mjomba wako. Mimi mbwa namjua kwa meno yake tu."

Karani alieleza. Kila uzao wa mbwa una kigezo chake kilichoandikwa, na kigezo hicho kinataja hata rangi ya jicho. Kuna mbwa wa nchi za theluji wanaoruhusiwa macho ya buluu, hata jicho moja buluu na la pili kahawia. Kuna wenye manyoya ya madoadoa ambao jicho la buluu kwao si kosa. Lakini mbwa wa chama hiki ni weusi, na kigezo chao kinataka kahawia iliyoiva. Ndiyo maana kuna sanduku. Jicho la kioo namba moja ni kahawia inayokaribia weusi. Namba nane ni njano ya jicho la mwewe. Jaji hushika kioo kando ya jicho la mbwa, penye mwanga wa dirisha, halafu hutamka namba.

"Mpaka nne anapita," karani alisema. "Tano ni dosari, anapunguziwa alama. Kuanzia sita anafutwa daftarini na haruhusiwi kuzaa."

"Na watoto wa mbwa?"

"Wanakaguliwa wiki ya kumi. Mbwa huzaliwa na macho ya kijivu-buluu, rangi hukaa baadaye. Mtoto akifika sita hupelekwa kwa daktari."

"Kutibiwa?"

Karani alitazama vidole vyake. "Hapana, afande."

Ilikuwa desturi ya chama, ya tangu enzi za babu zao. Wenyewe waliita *kulazwa*, na aliyelazwa hakuamka.

Inspekta alimuuliza kuhusu asubuhi ile. Karani alisema mjomba wake alifika saa kumi na mbili na nusu na chupa yake ya kahawa, nyeusi, chungu, bila sukari. Saa moja akaingia chumba cha macho peke yake, kama kawaida. Kila siku ya ukaguzi alikaa mle muda mrefu peke yake ili, kwa maneno yake, macho yazoee mwanga. Mbwa wa kwanza huwa ameshafungwa mezani ili naye azoee chumba. Katika muda huo hakuna aliyethubutu kugonga mlango.

"Ulisikia chochote?"

"Nilimsikia akiongea."

"Na nani?"

"Ndilo linalonitisha, afande. Mle ndani hapakuwa na mtu." Karani alikunja karatasi ya peremende. "Alisema, 'Watoeni hawa watoto.' Akarudia. Halafu akasema, 'Wamejaa mpaka chini ya kiti, wananitazama.' Nikadhani anamsema mwenye mbwa kwenye simu. Halafu akaanza kuhesabu. Alifika arobaini na kitu, akanyamaza. Mimi nikashukuru kwamba amenyamaza."

Koplo, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Inspekta alimwashiria aendelee kuandika.

Mwenye jike lile alipatikana barazani, amekaa juu ya kreti tupu. Alikuwa mjane wa makamo ambaye sweta lake lilikuwa na manyoya mengi ya mbwa kuliko sufu, na kwa sababu hiyo walimwita Mama Manyoya. Koplo alipopekua mkoba wake alitoa kitana, leso, biskuti za mbwa, na chupa ndogo ya dawa ya matone, imebaki nusu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mbwa. Alikuwa anaumwa macho."

"Mama, mbwa wako ana mboni kubwa kama vifungo vya koti na jua linampiga usoni. Dawa hii inatibu au inaficha?"

Mama Manyoya aliangalia pembeni. Kisha machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alisema jike lile ndilo la mwisho katika ukoo aliouanzisha na marehemu mumewe. Utotoni lilipimwa nne, likapita. Lakini mwaka huu macho yalikuwa yamepauka, na kanuni ilitaka lipimwe tena kabla ya kuzaa. Tatizo ni kwamba lilikuwa tayari na mimba. Likipata sita leo, linafutwa, na watoto watakaozaliwa hawatakuwa na mahali daftarini. Safari yao itakuwa ile ya kwa daktari. Akakumbuka kwamba matone aliyopewa na daktari wa mifugo yalifanya mboni itanuke hadi rangi ya jicho ibaki uzi mwembamba pembeni. Akamtia matone saa kumi na mbili alfajiri.

"Nilitaka jaji asione. Basi. Mungu ndiye shahidi wangu."

"Na kama aliona?"

"Angeona, ningelia. Nisingeua mtu."

Lakini saa sita mchana maabara walipiga simu. Kahawa ya marehemu ilikuwa na dawa ile ile ya kupanua mboni. Mkuu wa kituo, ambaye alipenda kesi iishe kabla ya chakula, alisema mambo yako wazi kama mchana: mwanamke kakamatwa na dawa, jaji kagundua udanganyifu, jaji kafa. Mama Manyoya akawekwa mahabusu. Jambo pekee aliloomba ni kwamba mtu ampe jike maji. Chama kilikuwa kimeshapeleka barua kituoni kudai mbwa wa mtuhumiwa akabidhiwe kwao, "ili taratibu zifuatwe."

Inspekta alijua taratibu hizo zinaishia wapi. Akaenda chumba cha maiti.

Mchunguzi wa maiti alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyezungumza kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara wake. Alisema dawa ile ikizidi mwilini hukausha kinywa, huupeleka moyo mbio, na hupotosha akili. Mtu huona visivyokuwepo. Huongea navyo.

"Kwa hiyo watoto wa mbwa aliowahesabu..."

"Aliwaona. Kwake walikuwepo."

Inspekta hakulipenda jibu hilo. "Chupa moja ya matone ingetosha?"

"Chupa moja? Haitoshi. Kwa kiasi nilichokuta, muuaji alihitaji sanduku zima la chupa hizo, au dawa yenyewe kabla ya kuchanganywa na maji. Na jambo jingine hili hapa." Mchunguzi alifunua uso wa marehemu na kumulika tochi. Utando ule mweupe ukawaka ndani ya mboni. "Mtoto wa jicho. Macho yote mawili, na si wa jana. Mboni ikiwa ndogo, utando hauonekani vizuri. Sumu imezifungua, siri imetoka."

"Alikuwa anaona kiasi gani?"

"Mwanga na kivuli. Umbo la mtu. Rangi, sahau."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha chuma bila kukaribishwa. Miaka thelathini na moja watu walikuwa wakileta mbwa wao kwa Mzee Jicho, na kumbe Mzee Jicho alikuwa amekuwa kipofu.

Alasiri alijifungia ofisini na lile sanduku. Koplo alikuwa amefungua dirisha na kujifanya anatazama barabara.

"Yageuze chini basi, afande. Yananisumbua."

"Macho hayana pazia, Koplo. Njoo uone kitu."

Nyuma ya kila jicho la kioo palikuwa na namba iliyochongwa, ndogo, ya kusomwa kwa kioo cha kukuzia. Na chini ya kila kishimo palikuwa na namba ya shaba. Inspekta alitoa jicho kwenye kishimo cha sita. Nyuma yake palichongwa mbili. Kwenye kishimo cha pili alikuta saba. Cha tano kilikuwa na moja. Hakuna jicho hata moja lililokuwa mahali pake. Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wameshasema hawakupata kitu. Vioo vilikuwa vimeoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kufutwa vikang'aa.

"Mtu kayachanganya," Koplo alisema. "Labda Mama Manyoya, ili namba zimkae vizuri."

"Fikiri. Kwa nini Mama Manyoya alimtia mbwa dawa?"

"Ili jaji asione rangi."

"Mtu anayekuficha kitu anaamini unaona. Mama Manyoya aliamini yule mzee anaona kuliko sisi sote. Sasa huyu aliyeyachanganya macho, mtu yeyote mwenye kuona angegundua mara moja: unachukua jicho la sita, linatoka jeusi. Huwezi kufanya mchezo huo mbele ya mtu anayeona. Unaufanya kwa mtu unayeshuku kwamba haoni, ili uhakikishe."

Koplo alikuna kidevu. "Basi ni karani. Alikuwa naye kila siku."

"Mlete."

Karani aliletwa. Safari hii hakupewa peremende.

"Mjomba wako alikuwa haoni."

Kalamu ilimdondoka. Hakuiokota.

"Tangu lini?"

"Miaka minne, afande. Nilimsihi akafanyiwe upasuaji. Akasema wakisikia Mzee Jicho amepasuliwa macho, nani atamwita jaji tena?"

"Alipataje namba?"

Karani aliinama, akachukua kalamu, akaigonga kwenye ukingo wa meza. Mara moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Alikuwa akisimama kando ya dirisha, penye mwanga mzuri, anatazama jicho la mbwa, anagonga ubao wa kuandikia. Watu walidhani ni mazoea ya mikono. Mjomba alihesabu mapigo, akapapasa kishimo chenye namba hiyo, akashika kioo kwa madaha, akatamka.

"Wewe unaona vizuri?"

"Nimepimwa afande, mwaka huu. Nilifundishwa na yeye mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa. Namba zote zilizoandikwa ni namba za kweli. Nilidanganya juu ya mjomba, sikudanganya juu ya mbwa."

Inspekta alimpima hapo hapo. Aliyamwaga macho manane juu ya meza bila mpangilio, na karani akayapanga kuanzia jeusi hadi la njano kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya maji. Walipoyageuza nyuma, yote yalikuwa sahihi.

"Siku za karibuni uliona mjomba akishika kioo kisicho chake?"

Karani alikubali. Ndiyo, miezi mitatu iliyopita, kwenye ukaguzi wa watoto saba wa mfugaji mmoja wa mtaa wa juu. Yeye aligonga sita, mjomba akatoa kioo cheusi kabisa na kusema sita. Karani alikaribia kuzimia. Tangu hapo alikuwa akiyapanga upya kila mara kabla ya ukaguzi, isipokuwa leo, kwa sababu leo hawakufika hatua ya ukaguzi.

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Siri ilikuwa yangu pia."

Inspekta alimwamini. Anayejua hajaribu, anayejaribu ni yule anayeshuku tu. Karani alijua. Mama Manyoya hakushuku. Palikuwa na mtu wa tatu, aliyekuwa karibu na sanduku na karibu na macho ya mzee.

"Sanduku hili linalala wapi baada ya maonyesho?"

"Kwa daktari wa mifugo. Ndiye anayeosha vioo, kuzuia magonjwa. Leo alilileta mwenyewe saa kumi na mbili na dakika arobaini, akaliweka mezani. Mjomba alikuwa getini anasalimiana na watu."

"Na chupa ya kahawa?"

"Mezani, afande."

Zahanati ya daktari ilikuwa nyumba ya chini, kuta nyeupe, sakafu inayonuka dawa. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, sauti ya chini, mikono iliyokauka kwa kuoshwa mno. Aliwapokea vizuri. Akasema msiba wa Mzee Jicho ni pigo kwa wote. Akasema mzee aliona vizuri kuliko vijana.

"Miaka mingapi mmefanya kazi pamoja?"

"Kumi na sita."

"Wewe ni mtaalamu. Mtoto wa jicho unamtambua kwa mbwa?"

"Bila shaka."

"Na kwa mtu?"

Daktari alinawa mikono. Ilikuwa mara ya pili tangu waingie.

Inspekta alizunguka chumba polepole, akisoma majina ya dawa kama mtu aliyekuja kununua. Kwenye sinki palikuwa na bakuli za chuma zimepinduliwa, bado zina maji. Alizihesabu.

"Una wagonjwa wangapi waliolazwa leo, daktari?"

"Hakuna. Nimefunga kwa sababu ya msiba."

"Hakuna. Na hizi bakuli saba?"

Daktari alichukua bakuli moja, akaanza kuifuta.

"Koplo, mlango ule wa nyuma."

Koplo aliutazama mlango, akamtazama Inspekta kwa macho ya kuomba huruma, kisha akapiga moyo konde na kuufungua.

Chumba kilikuwa na giza, dirisha limefunikwa turubai. Mwanzoni hawakuona kitu. Halafu, mwanga wa mlangoni ulipoingia, chini sakafuni yakawaka macho. Jozi moja, ya pili, mpaka saba. Yalikuwa mepesi, rangi ya asali iliyotiwa maji. Mbwa wadogo wa miezi mitano walikuwa wamelala juu ya magunia, weusi kiasi kwamba miili haikuonekana, macho tu. Hawakubweka. Hawakuinuka. Waligeuza vichwa taratibu, wote kwa pamoja, wakawatazama.

"Mungu wangu," Koplo alisema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Nawapa dawa ya usingizi kidogo mchana," daktari alisema nyuma yao. "Majirani wasisikie. Hawaumwi."

"Hawa ni watoto saba wa mtaa wa juu," Inspekta alisema. "Kwenye daftari la chama imeandikwa umewalaza miezi mitatu iliyopita."

"Ndiyo."

"Keti, daktari. Sikulazimishi kusema lolote, na utakalosema litaandikwa."

Daktari alikaa kwenye kiti cha wateja. Alisema kama mtu anayetua mzigo ambao mabega yameshaukataa. Siku moja, miezi mitatu iliyopita, mzee aliinama chini ya taa ya zahanati, na daktari akaona weupe ndani ya macho yake. Hakutaka kuamini. Usiku ule hakulala. Kabla ya ukaguzi wa wale saba akayachanganya macho ya kioo, na tangu hapo aliyachanganya kila alipoyaosha. Akamshikia mtoto wa kwanza mezani, na mzee akaweka kioo cheusi kando ya jicho la asali, akasema sita. Sauti haikutikisika. Wa pili, kioo kingine kisichofanana, akasema sita.

"Nikajua," daktari alisema. "Alikuwa anakisia. Miaka yote alikuwa anakisia, nami nachoma sindano."

"Wangapi?"

"Arobaini na tatu, tangu siku ambazo sasa nikikumbuka naona alama za upofu. Miaka minne. Nimewahesabu kwenye daftari. Mtoto wa mbwa wa wiki kumi, afande, ukimshika mkono huu ili umchome kwa mkono huu, anakulamba."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Ulimwambia?"

"Nilimfuata juzi. Nikamwomba asimame mkutanoni, aseme, ili mbwa wote wapimwe upya na jike la Mama Manyoya lisiguswe. Nikamwambia na habari ya hawa saba. Akanijibu kwamba namba zake hazijawahi kukosewa. Akasema nikikataa kuwalaza, atanitaja mimi kwa chama, na jike litapimwa kama kawaida. Akasema, 'Wewe ni mkono, daktari. Jicho ni mimi.'" Akainua macho kwa Inspekta. "Nilitia dawa kwenye kahawa leo asubuhi wakati yuko getini. Sina la kukana."

"Ulijua Mama Manyoya ana dawa hiyo hiyo mkobani?"

"Sikujua kama ameitumia. Naapa. Niliposikia amekamatwa nikasema nitakuja kituoni kusema. Kila saa nikasema saa ijayo."

Inspekta alihisi hasira na huruma zikimpanda kwa pamoja, na hakuweza kusema ipi ilitangulia. Alikuwa na karatasi kwenye mkoba: maelezo ya karani, yamesainiwa. Angeweza kuyaacha mkobani. Mahakama ingeyasoma kwa wakati wake. Lakini hakuwa mtu wa kumwachia mwingine kazi yake, na aliona afadhali mtu huyu ayasikie hapa kuliko mbele ya umati.

"Daktari, sanduku la macho lilikuwa linalala kwako. Hawa saba wamekuwa kwako miezi mitatu. Una dirisha, una mwanga, una macho mazuri. Uliwapima?"

Daktari aligeuka kutazama sinki.

"Hata mmoja?"

"Hairuhusiwi. Anayepima ni jaji tu."

"Umemuua jaji."

Mikono iliyokauka ilianza kusuguana. "Niliogopa," alisema hatimaye.

Inspekta alimpa karatasi. Daktari alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mahali pa kalamu na ubao, alirudi juu, akasoma tena. Inspekta aliona uso ukimpauka.

"Alikuwa anagonga," daktari alisema. "Nilimsikia. Nilikuwa namwambia aache, kelele."

"Namba zilikuwa za kweli."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nimempima mwenyewe."

"Basi wale arobaini na tatu walikuwa sita kweli." Alisema kwa utulivu wa kutisha. "Kama angekuwa anaona, angesema hivyo hivyo. Nami ningechoma hivyo hivyo."

"Ndiyo, daktari."

Koplo alimfunga pingu bila kumbana. Inspekta akatoa daftari lake, akaandika kwa mwandiko mkubwa: jike mmoja mwenye mimba, kielelezo namba tano, watoto wa mbwa saba, vielelezo namba sita hadi kumi na mbili. Kielelezo cha mahakama hakiguswi, hakihamishwi wala hakilazwi na chama chochote mpaka kesi iishe, na yeye alijua mahakama zinavyokwenda. Mbwa hao wangezeeka mikononi mwa serikali. Akapiga simu kituoni Mama Manyoya aachiliwe, na akaagiza apewe jike alitunze kwa niaba ya polisi. Kosa lake la matone lingesubiri.

Nje, habari zilikuwa zimeshaenea. Mbele ya zahanati wafugaji walikuwa wamejaa hadi barabarani, na baadhi yao walikuwa na simu tayari za kupigia picha. Koplo alikuwa amelileta gari uani ili mtu huyu mzima asiaibishwe. Ilikuwa ni kupita tu kile chumba cha nyuma, hatua sita, na kutoka.

Daktari alifika kwenye mlango wa chumba kile, akasimama. Ndani, dawa ilikuwa imeanza kuwatoka. Mbwa mmoja alikuwa ameshasimama kwa miguu isiyo na nguvu, na wengine wameinua vichwa. Jozi saba za macho ya asali zilimtazama bila kupepesa, na mkia mmoja ukaanza kupiga gunia.

Daktari alirudi nyuma mpaka mgongo ukamgonga Koplo kifuani.

"Afande," alisema, "naomba nipitishwe mlango wa mbele."

"Kuna watu, daktari. Watakuona na pingu."

"Najua," alisema. "Nipitisheni kwa watu."